Kupunguza saa za kazi bila kupoteza bima: maswali ya wanaokaribia kustaafu Marekani

Mimi ni muuguzi msaidizi katika nyumba ya kulelea wazee, Minnesota. Nina miaka 63, na magoti yangu yalianza kudai kustaafu kabla kichwa hakijakubali. Mwaka juzi nilishuka kutoka saa 40 hadi 24 kwa wiki, bima ya afya nikabaki nayo. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada kuna mtu ananivuta kando aniulize nilifanyaje. Wanaouliza ni Wakenya, Watanzania na Wakongomani waliobeba wagonjwa, wakaendesha malori na kusafisha hoteli kwa miaka ishirini, na sasa mwili umechoka. Nimeyakusanya maswali yao hapa. Mimi si wakili, lakini kila nilichoandika nimekifuatilia kwenye makaratasi, kwa sababu ilikuwa bima yangu mwenyewe.

Kwa nini mtu ajisumbue na kazi ya nusu? Si astaafu tu akapumzike?

Tatizo ni pengo la miaka. Pensheni ya Social Security unaweza kuanza kuichukua ukiwa na miaka 62, lakini Medicare, bima ya serikali kwa wazee iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, inakungoja hadi 65. Ukiacha kazi mapema, miaka ya katikati ni yako na mfuko wako, na ndiyo hiyo presha, sukari na mgongo vinapopiga hodi.

Bei zenyewe ni hizi. Taasisi ya utafiti ya KFF ilipohesabu mwaka 2024, bima ya kazini ya mtu mmoja ilikuwa wastani wa dola 8,951 kwa mwaka, na ya familia dola 25,572. Wewe huzioni, kwa kuwa sehemu kubwa inalipwa na mwajiri na kwenye mshahara unakatwa kipande tu. Siku ukitoka, unakutana na bei nzima. Ukinunua bima mwenyewe sokoni nako, sheria ya shirikisho inaruhusu kampuni za bima kumtoza mtu wa miaka 64 hadi mara tatu ya wanachomtoza kijana wa 21. Ndiyo maana wengi wetu tunatafuta njia ya tatu: kupunguza saa, tukae kazini kwa kiasi kile tu kinachoshikilia bima.

Sheria inasema nikifanya saa ngapi lazima nipewe bima?

Sheria ya afya ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi wa kutwa (wale wa nusu huunganishwa hadi watimie mmoja) awape bima wote wanaofanya wastani wa saa 30 kwa wiki, au 130 kwa mwezi. Asipofanya hivyo, serikali inaweza kumtoza faini. Chini ya saa 30 sheria hiyo haimlazimishi. Mwenye watu 49 haimlazimishi kitu kabisa.

Watu wengi wanaishia hapo, wanadhani 30 ndiyo mpaka wa dunia nzima. Sivyo. Mwajiri yuko huru kushuka chini zaidi, na wapo wanaofanya hivyo. Hospitali nyingi na vyuo vikuu vingi hutoa bima kuanzia nusu ya kazi kamili, yaani saa 20. Starbucks inajulikana kwa kuwapa bima wanaofikisha wastani wa saa 20. UPS inawapa hata wapangaji mizigo wa nusu siku, kwa nguvu ya mkataba wa chama chao cha wafanyakazi. Hawaii peke yake ina sheria ya jimbo, tangu 1974, inayomdai mwajiri bima kwa anayefanya saa 20 kwa wiki kwa wiki nne mfululizo.

Walio serikali ya shirikisho wana utaratibu wao. Anayefanya kati ya saa 16 na 32 kwa wiki anabaki na bima, ila mchango wa serikali unapungua kwa kadiri ya saa zake na wake unapanda. Wao wana kanuni moja wasiyotakiwa kuisahau: ili ustaafu na bima hiyo mkononi, lazima uwe umekuwa ndani yake miaka 5 mfululizo kabla ya siku ya kustaafu. Ukitoka ukaingia bima ya mumeo kwa muda kwa sababu ni rahisi zaidi, hesabu hiyo inaweza kukuvunjikia.

Kiwango cha kazini kwangu nitakijuaje?

Omba waraka unaoeleza mpango wa bima ya kazini: nani anastahili, kuanzia saa ngapi, na lini anapoteza. Kwa makampuni binafsi sheria ya shirikisho inawataka wakuletee ndani ya siku 30 ukiomba kwa maandishi. Wakipuuza, mahakama inaweza kuwatoza hadi dola 110 kwa kila siku ya kuchelewa. Kwa hiyo usiuombe kwenye korido. Andika barua pepe, tarehe ionekane.

Ukiupata, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya wanaostahili. Tafuta namba ya saa, kisha uone wanahesabu saa zipi: ulizopangiwa, au ulizofanya kweli. Hizi ni mbili tofauti. Mwenzangu kapangiwa 32, lakini kila jengo likipungukiwa wagonjwa anarudishwa nyumbani mapema, na saa zake za kweli zinakuwa 27. Kama mpango unahesabu za kweli, huyo yuko ukingoni na hajui.

Nikipunguza saa mwezi wa pili, bima inakatika mwezi wa tatu?

Inategemea mwajiri wako anapima vipi. Wapo wanaopima mwezi kwa mwezi: mwezi huu umefikisha 130 au hukufikisha. Kwa hao kisu ni kikali.

Wengi wa waajiri wakubwa, hasa wenye watu wa shifti, hupima kwa kurudi nyuma. Wanachukua kipindi kirefu, mara nyingi miezi 12, tuseme katikati ya Oktoba hadi katikati ya Oktoba inayofuata, wanatafuta wastani wako. Ukiwa 30 au zaidi, unahesabiwa mtu wa kutwa kwa kipindi kizima kinachofuata, mara nyingi Januari hadi Desemba, hata kama saa zako zimepungua katikati. Anayepima hivi akikukuta na wastani wa 38 Oktoba, halafu ukashuka hadi 25 mwezi wa pili, kwa kawaida bima yako inaendelea hadi Desemba 31. Ni miezi kumi ya kujipanga, na kuna watu wametoka 64 wakafika 65 juu ya daraja hilo hilo. Lakini upo mwanya unaomruhusu mwajiri, kwa masharti, akuhamishie kwenye hesabu ya mwezi kwa mwezi kuanzia mwezi wa nne baada ya kukubadilishia kazi. Uliza kama wanautumia.

Sasa nieleze jambo ambalo limewaumiza watu wetu kuliko wengine. Mzee mmoja ninayemfahamu alikuwa akifanya saa 32. Mama yake akafariki, akaenda kuzika, akakaa wiki sita bila malipo, kama ambavyo yeyote kati yetu angekaa. Piga hesabu: wiki 46 mara 32 ni saa 1,472. Gawanya kwa wiki 52 unapata 28.3. Oktoba ilipofika alikuwa chini ya 30, na Januari akapokea barua ya kutolewa kwenye bima wakati mkewe anatumia insulini. Likizo ya kulipwa inahesabiwa kama saa za kazi katika kipimo hiki. Ya bila malipo kwa ajili ya msiba haihesabiwi. Angekuwa amejiwekea siku zake za likizo akazitumia hata wiki tatu tu, angefika 30.2 na kubaki ndani. Unayekaribia kustaafu na bado una wazazi nyumbani, siku zako za likizo zitunze kwa ajili hiyo.

Kwenye karatasi ya mshahara niangalie nini?

Yangu huwa naiweka mezani jikoni kila Ijumaa ya pili, na kalamu. Mstari wa kwanza ninaousoma ni saa: 48 kwa wiki mbili. Ikiwa 46, nauliza siku hiyo hiyo shifti ipi haikuingia. Halafu nashuka kwenye makato ya bima, nione yapo na ni yale yale. Mwezi mmoja makato hayakuwepo nikafurahi kwamba mshahara umeongezeka, kumbe mfumo ulikuwa umenitoa kimakosa walipobadilisha cheo changu kutoka kutwa kwenda nusu. Ilichukua wiki tatu kurudishwa. Pesa ikiongezeka ghafla bila sababu, usinunue kitu kwanza. Uliza.

Halafu nina daftari la shule, la mistari. Kila wiki naandika saa, na kila mwezi natafuta wastani. Hawatakuletea onyo. Wao hesabu yao wanaifanya mara moja kwa mwaka.

Ni kweli saa 24 zina mtego?

Ni kweli. Sheria ya shirikisho ya likizo ya ugonjwa na familia, ile inayokulindia kazi na bima yako kwa wiki 12 ukiugua au ukiuguza mtu wa familia, inataka uwe umefanya saa 1,250 katika miezi 12 iliyopita, kwa mwajiri mwenye watu 50 au zaidi karibu na hapo. Saa 24 mara wiki 52 ni 1,248. Unakosa kwa saa mbili. Isitoshe, likizo ya kulipwa, ambayo inahesabiwa kwenye kile kipimo cha bima, hapa haihesabiwi. Ni jasho halisi tu.

Kwa hiyo mtu wa saa 24 akifanyiwa upasuaji wa goti, sheria hiyo haimlindi. Mimi nachukua shifti ya ziada mara moja au mbili kila mwezi, hata nikiwa sina hamu, ili nivuke 1,250 kwa nafasi. Majimbo mengine yana sheria zao. Hapa Minnesota, tangu Januari 2026, kuna likizo ya kulipwa ya jimbo inayoangalia kipato badala ya zile saa 1,250. Angalia ya jimbo lako kabla hujakubali namba ya saa.

Bosi ananishauri niwe PRN, mtu wa kuitwa wakiwa na upungufu. Malipo kwa saa yanapanda sana. Nikubali?

Uliza kwanza bima. Mara nyingi ile nyongeza ya dola nne au tano kwa saa ndiyo bima yenyewe imegeuzwa pesa taslimu, na kwa mtu wa miaka 62 hiyo biashara humwendea vibaya. Saa 24 kwa wiki kwa nyongeza ya dola 5 ni dola 120, kama dola 500 na kitu kwa mwezi kabla ya kodi. Haifiki hata bei ya wastani ya bima ya mtu mmoja niliyoitaja juu. Kama uko kwenye bima ya mwenzi wako, au umeshaingia Medicare, hapo PRN ni kazi nzuri sana. Kinyume cha hapo, kataa kwa heshima.

Nikifanya saa 16 hapa na 16 kule, si ni 32?

Kwa mwili wako ni 32. Kwa bima ni 16 na 16, isipokuwa sehemu zote mbili ziwe chini ya mmiliki mmoja. Nyumba za kulelea wazee zenye majina tofauti wakati mwingine ni za kampuni moja, kwa hiyo tazama jina lililo kwenye fomu ya kodi unayopewa Januari, ile W-2, kisha uulize.

Makato yangu yatapanda nikiwa wa nusu?

Kwa waajiri wengi, ndiyo. Wanakulipia kwa kadiri ya saa zako. Ombeni jedwali la makato ya watu wa nusu kabla ya kusaini, si baada. Wakati mwingine tofauti ya saa 28 na 30 ni dola mia mbili kwa mwezi, na hapo ni heri kuongeza saa mbili.

Bima ikikatika kabisa, nina njia gani?

Mbili kubwa. Ya kwanza ni COBRA. Ukipoteza bima kwa sababu ya kupunguziwa saa au kuacha kazi, na mwajiri ana watu 20 au zaidi, una haki ya kuendelea na bima ile ile kwa miezi 18. Una siku 60 za kuamua. Ila unalipa bei yote, ya kwako na ile aliyokuwa akilipa mwajiri, pamoja na asilimia 2 ya uendeshaji. Kwa wastani ule wa 2024, ni kama dola 760 kwa mwezi kwa mtu mmoja na karibu dola 2,170 kwa familia. Ni ghali, lakini kwa aliye katikati ya matibabu ya saratani, kubaki na daktari wake kuna thamani yake. Miezi 18 pia inafaa sana kwa aliyetimiza 63 na nusu: inamfikisha Medicare.

Ya pili ni soko la bima la serikali, HealthCare.gov, au la jimbo lako kama lina lake. Kupoteza bima ya kazini kunakufungulia dirisha la siku 60 hata kama si msimu wa kujiandikisha. Hapa hesabu imebadilika. Nyongeza ya ruzuku iliyoanza 2021 iliwekewa ukomo mwisho wa 2025, na bila hiyo mpaka wa zamani unarudi: kwa bima ya mwaka 2026, mtu mmoja mwenye kipato cha zaidi ya dola 62,600, au mume na mke zaidi ya 84,600, hapati ruzuku hata senti. Chini ya hapo msaada upo. Wazee wanaochota akiba za kustaafu wawe waangalifu, maana fedha unayoitoa kwenye 401(k) inahesabiwa kama kipato. Kutoa dola elfu tatu za kununua bati za nyumba ya kijijini kunaweza kukuvusha mpaka.

Nitatimiza 65 nikiwa bado kazini. Nijiandikishe Medicare au ningoje?

Swali hili naomba lisomwe polepole, kwa sababu kosa lake linalipiwa hadi kufa.

Medicare ina Sehemu A, ya kulazwa hospitali, ambayo wengi waliofanya kazi miaka kumi hawailipii, na Sehemu B, ya madaktari na vipimo, ambayo mwaka 2026 ni dola 202.90 kwa mwezi kwa kiwango cha kawaida. Dirisha lako la kwanza ni miezi saba: mitatu kabla ya mwezi wa kuzaliwa kwako, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake.

Kama mwajiri wako, au wa mwenzi wako, ana wafanyakazi 20 au zaidi, na bima inatokana na kazi mnayoifanya sasa, unaweza kuiacha Sehemu B ingoje bila adhabu. Bima ya kazini inalipa kwanza. Siku kazi itakapoisha au bima itakapokatika, lolote litakalotangulia, unapata miezi 8 ya kujiandikisha.

Kama mwajiri ana watu chini ya 20, mambo yanageuka. Medicare ndiyo inayotakiwa kulipa kwanza, na bima ya kazini inaweza kukataa kulipa ile sehemu ambayo Medicare ingelipa. Watu wetu wengi wako hapa: nyumba ndogo za walemavu, maduka, makanisa, kampuni ya ndugu yenye malori sita. Hao wajiandikishe B ndani ya ile miezi saba, bila kungoja.

Na sasa COBRA. COBRA si kazi. Hata ukiwa na kadi ile ile yenye rangi ile ile mkobani, mbele ya Medicare wewe huna bima inayotokana na kazi, na ile miezi 8 inaanza kuhesabika siku uliyoacha kazi, si siku COBRA itakapoisha. Aliyekaa miezi 18 kwenye COBRA akiwa na miaka 66 anafika Medicare amechelewa. Adhabu ya B ni asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyochelewa. Miaka miwili ni asilimia 20, zaidi ya dola 40 kila mwezi kwa bei ya 2026, na inapanda kila B inapopanda. Halafu ukikosa madirisha yote unangojea Januari hadi Machi ndipo uandikishwe, na katikati hapo huna kinga.

Ukienda kujiandikisha baada ya 65, utahitaji fomu mbili: CMS-40B, unayojaza mwenyewe, na CMS-L564, ambayo mwajiri anathibitisha kwamba ulikuwa na bima kwa sababu ya kazi. Chukua saini hiyo ya L564 kabla hujaondoka kazini. Kumtafuta mtu wa ofisi miezi sita baadaye, na huenda keshahama, ni mateso.

Kidogo kuhusu akaunti ya HSA, ile akiba ya matibabu isiyokatwa kodi: ukishaingia Sehemu A huruhusiwi tena kuweka pesa humo, na ukijiandikisha baada ya 65 Sehemu A inarudi nyuma hadi miezi 6. Acha kuweka miezi 6 kabla.

Shemeji, mimi nina 65 lakini mke wangu ana 58 na yuko kwenye bima yangu. Nikistaafu yeye anaenda wapi?

Shemeji, hapo ndipo wanaume wengi wanapobaki kazini miaka saba zaidi, na sikulaumu. Medicare ni ya mtu mmoja mmoja, haibebi mke wala mtoto. Ukibaki kwa saa zinazotosha bima, yeye anabaki humo, na watoto hadi 26. Ukiondoka, anapata COBRA. Sheria ina huruma ndogo isiyojulikana: ukiwa umeshaingia Medicare kabla ya kuacha kazi, ndani ya miezi 18, muda wa mkeo unahesabiwa miezi 36 tangu siku uliyoingia Medicare. Ukiingia leo ukaacha kazi baada ya miezi sita, yeye anabakiwa na miezi 30 badala ya 18. Na kama naye ana kazi, tazama saa zake. Huenda yeye kuongeza saa nane ni rahisi kuliko wewe kusukuma vitanda hadi 72.

Nilikuja Marekani nikiwa na miaka 56. Nina haki ya Medicare?

Sehemu A bila malipo inataka krediti 40, na kwa mwaka huwezi kupata zaidi ya 4, kwa hiyo ni kama miaka kumi ya kazi yenye kodi. Mwaka 2025 krediti moja ilikuwa kipato cha dola 1,810, yaani dola 7,240 zilitosha kwa mwaka mzima. Kwa hiyo hata kazi ya nusu inajaza krediti zako kikamilifu. Wewe wa 56 utazikamilisha ukiwa na 66 hivi, na kazi ya saa chache inatosha kukufikisha, mradi ulipwe kihalali na si bahasha.

Miaka uliyochangia NSSF Kenya au Tanzania haihesabiki. Marekani haina mkataba wa kuunganisha michango na nchi hizo. Ukiwa na krediti kati ya 30 na 39 unaweza kununua Sehemu A kwa bei pungufu, dola 285 kwa mwezi mwaka 2025. Chini ya 30 ilikuwa 518. Anayenunua bila kuwa raia anatakiwa awe na kadi ya kijani na ameishi nchini miaka 5 mfululizo. Krediti za mume au mke aliyefikia 62 zinaweza pia kukubeba, kama ndoa imetimiza mwaka.

Walioingia kama wakimbizi, na hapa nawakumbuka ndugu zangu wa Kongo: sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imewaondoa wenye hadhi ya ukimbizi au hifadhi peke yake kwenye orodha ya wanaostahili Medicare. Kadi ya kijani inakurudisha kwenye orodha. Kama umekaa mwaka mmoja na hujaomba, na unaelekea 65, omba sasa, na tumia wakili au shirika lenye kibali.

Naweza kuchukua Social Security na huku nafanya kazi ya nusu?

Unaweza, ila kabla ya umri kamili, ambao ni 67 kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea, kuna kikomo cha mshahara. Mwaka 2025 kilikuwa dola 23,400, na juu yake wanakushikia dola 1 kwa kila 2. Anayefanya saa 24 kwa dola 22 anapata 27,456. Amezidi kwa 4,056, wanamshikia 2,028. Ukifika umri kamili wanapiga upya hesabu na kukuongezea kwa miezi waliyokushikia. Kinachobaki kwa maisha ni punguzo la kuanza mapema. Mimi sijaichukua. Mshahara wa nusu unalipa kodi ya nyumba, na ile naiacha ikue.

Na usiogope kwamba mshahara mdogo wa mwisho utaharibu pensheni hiyo: wanatazama miaka yako 35 bora. Pensheni za jimbo au kaunti ndizo za kuogopa, kwani nyingine hupigwa kwa mshahara wa miaka ya mwishoni. Wenye pensheni hizo waombe hesabu zote mbili kwa maandishi, ya saa kamili na ya saa zilizopunguzwa.

Nikienda nyumbani miezi sita, bima yangu inafanya kazi huko?

Medicare, isipokuwa matukio machache sana, hailipi nje ya Marekani. Ukiugua Kisumu au Moshi, unalipa. Na wanaoifuta Sehemu B kwa sababu wanahamia nyumbani wakumbuke ile adhabu ya asilimia 10 siku watakaporudi kwa wajukuu. Bima ya kazini inatofautiana: nyingine hulipa dharura ukileta risiti. Safiri na barua ya bima inayosema hivyo.

Nimwambieje bosi bila kumfanya aone kwamba natafuta mlango wa kutokea?

Usianze na bosi. Anza na ofisi ya rasilimali watu, kwa barua pepe, kabla hujamwambia mtu yeyote kwenye wodi, halafu nenda kwa msimamizi ukiwa unajua namba unayoitaka. Na mpe kitu anachokihitaji: mimi nilijitolea shifti za Jumamosi na Jumapili, ambazo kila mtu anazikimbia.

Barua yangu ilikuwa hivi: "Naomba waraka wa mpango wa bima ya afya. Naomba pia mnijibu kwa maandishi: ni saa ngapi kwa wiki zinazohitajika ili nibaki kwenye bima, mnapima mwezi kwa mwezi au kwa kipindi, na kipindi hicho kinaanza lini, makato yangu yatakuwa kiasi gani, na kama nikipunguza saa nitaweza kurudi kwenye saa za zamani." Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Msimamizi wangu, mama mwema ambaye hakuwa na nia mbaya, alikuwa ameshaniambia saa 20 zinatosha. Kwenye waraka ziliandikwa 24.